Barua zenu: Yule gavana wa Florida aliyezipa shule A mpaka F

Toleo lililopita tuliandika aya moja tu, kwamba Jeb Bush, gavana wa jimbo la Florida kule Marekani kuanzia Januari 1999 mpaka Januari 2007, alizipa shule za serikali madaraja kuanzia A mpaka F kama mtoto anavyopewa kwenye ripoti yake, na watoto wa darasa la nne wakapanda kusoma. Aya moja jamani! Meseji mpaka leo zinaingia. Nimechagua barua tano, nyingine nimezipunguza maana zilikuwa ndefu kuliko majibu yenyewe.

Mhariri, habari za kazi. Mi na shemeji yangu hatuelewani tangu asome hiyo aya yenu. Yeye anasema dawa ya hizi kayumba ndo hiyo hiyo, shule ipigwe F hadharani mwalimu mkuu aone aibu, na anasema NECTA walikosea kuacha kutangaza kumi bora. Mi namwambia aibu haimfundishi mtoto kusoma. Nani yuko sahihi hapo?
Baba Wawili, Mbagala Rangi Tatu

Baba Wawili, shemeji yako yuko sahihi nusu, na ile nusu aliyoiruka ndo iliyokula hela.

Tuanze na nusu yake. Sheria ya mpango wa A+ ilipita 1999, mwaka ule ule Jeb alioingia ofisini. Kila shule ya serikali ikawa inapewa A, B, C, D au F, E hawana, kutokana na mtihani wa jimbo uliokuwa unaitwa FCAT. Shule ikipata A au ikipanda daraja ilikuwa inaletewa mpaka dola 100 kwa kila mwanafunzi, ambazo kwa dola ya sa hivi ni zaidi ya laki mbili kwa kichwa, linganisha na ruzuku yetu ya elfu kumi kwa mtoto wa msingi kwa mwaka halafu uendelee kusoma. Shule ikipata F mara mbili ndani ya miaka minne, mzazi alikuwa anaruhusiwa kumtoa mtoto akampeleka shule nyingine ya serikali yenye afadhali, au hata ya binafsi kwa vocha, yaani serikali inalipa. Shule mbili za msingi za mji wa Pensacola ndo zilikumbwa za kwanza, mwaka huo huo.

Na nisikufiche, presha ilifanya kazi. Watafiti walizifuatilia shule zilizopigwa F wakakuta alama zinapanda baadaye, na walipowahoji walimu wakuu wakaona kuna vitu vimebadilika kweli, muda wa kufundisha umeongezwa, ratiba imepangwa upya, wale watoto wanaoburuza mkia wamewekewa vipindi vyao. Kwa hiyo shemeji akisema aibu haikuwa bure, usimbishie sana.

Sasa nusu aliyoiruka. Kwanza hesabu yenyewe ya hizo A na F. Mwanzoni ilikuwa ni nani kafaulu nani kafeli basi, na ukihesabu hivo shule ya watoto wa matajiri inapata A hata kama walimu wanashinda kwenye simu. Mwaka 2002 wakabadilisha, wakaanza kuhesabu kila mtoto kasogea kiasi gani kutoka alipokuwa mwaka jana, na wakatia uzito wa peke yake kwa ile robo ya chini, wale wa mwisho kabisa darasani. Yaani mwalimu mkuu hawezi kupata A kwa kuwabeba wale kumi wake wakali akawaacha wengine wanasinzia nyuma. Kumi bora yetu haikuwahi kupima hivo bana. Ile ilikuwa wastani wa mtihani wa mwisho, inapanga pamoja shule zilizochuja watoto mlangoni, za binafsi zenye intavyuu na zile za serikali za vipaji, na shule inayopokea kila mtoto wa mtaa anayekuja na daftari. Ni sawa na kuipanga Simba na timu ya mtaa halafu ukasema timu ya mtaa ina kocha mbovu. NECTA walipoachana nayo Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne, mi sikulia. Ningelia kama wangeacha kutoa takwimu za kila shule, hizo bado zinatoka, mzazi anaweza kukaa chini akazisoma.

Pili, na hapa ndo penye uzito, F ya Florida haikuja peke yake. Septemba 2001 Jeb akaanzisha kampeni ya Just Read, Florida, na baada ya hapo hela ikafuata. Wakawekwa walimu wa kuwafundisha walimu namna ya kufundisha kusoma, sio semina ya siku moja na posho, ni mtu yuko pale shuleni anaingia darasani na wewe anakuonyesha. Shule za msingi zikatakiwa kutenga dakika 90 kila siku za kusoma tu bila kukatizwa. Wakaweka kambi za likizo kwa wale wa nyuma. Sasa wanasiasa wengi waliomuiga, Marekani kwenyewe, wamechukua zile herufi wakaziacha zile dakika 90, maana kutoa herufi unahitaji kompyuta na mtihani tu, kumweka mwalimu wa kusoma kila shule unahitaji mshahara kila mwezi. Mississippi walipopitisha sheria yao ya kusoma mwaka 2013 hawakufanya hilo kosa, walipeleka wakufunzi mashuleni, na wao nao wakapanda.

Kupanda kwenyewe ni huku. Marekani wana mtihani wa sampuli unaitwa NAEP, unapima majimbo yote kwa kipimo kimoja na gavana hawezi kuupika. Mwaka 1998, kabla Jeb hajaingia, darasa la nne la Florida walipata wastani wa 206 kwenye kusoma wakati taifa zima lilikuwa 213. Mwaka 2007, ametoka tu, Florida 224 na taifa 220. Walikuwa nyuma wakapita mbele. Ila darasa la nane walisogea kidogo tu, na hilo wapambe wake huwa hawalisemi.

Mwambie shemeji kwamba na sisi tumewahi kujaribu, mwaka 2013 kwenye Matokeo Makubwa Sasa shule zilipangwa kwa ubora na kulikuwa na habari ya kuzipa motisha zinazopanda. Muulize shule ya mtaa wenu ilipangwa ya ngapi. Hakumbuki. Mwalimu mkuu mwenyewe nae sidhani kama anakumbuka.

Huyu Jeb ndo yule yule rais Bush wa vita ya Iraki? Na aliwahi hata kukanyaga shule ya maskini au ni maneno ya jukwaani?
Mpenda Habari, Ilala Bungoni

Hapana, yule wa Iraki ni kaka yake, George W., na baba yao nae alikuwa rais. Jeb aligombea ugavana 1994 akashindwa kwa kura chache na Lawton Chiles, na kwenye kampeni ile alipoulizwa atawafanyia nini watu weusi akajibu kwamba pengine hakuna, jibu lililomganda mpaka leo. Baada ya kushindwa, 1996, akashirikiana na T. Willard Fair, kiongozi wa Urban League ya Miami, shirika la kutetea haki za watu weusi, kufungua shule Liberty City, mtaa wa watu weusi wenye hali ngumu. Ilikuwa shule ya chata ya kwanza Florida, yaani inalipwa na serikali lakini inaendeshwa na bodi yake yenyewe. Kwa hiyo alikanyaga. Shule ilikuja kufungwa 2008 kwa matatizo ya fedha, yeye akiwa keshatoka madarakani. Urais aliugombea 2016 akajitoa Februari baada ya kura za South Carolina.

Samahani mhariri, mwanangu yuko darasa la nne shule ya serikali hapa Tabata. Mwalimu wake kaniambia mtihani wa taifa asipofikia alama atarudia darasa, na kweli kusoma kunampa shida, anasoma kwa kubahatisha. Roho inaniuma maana wenzake watamcheka. Nimesikia huyo Bush alirudisha watoto kibao. Ilikuwaje, waliharibikiwa?
Mama D, Tabata Kimanga

Pole mama'ngu. Hili ndo swali lililonikalisha muda mrefu kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Ni kweli aliwarudisha. Sheria ilipita 2002 na ikaanza kuuma mwisho wa mwaka wa masomo wa 2002/03. Mtoto wa darasa la tatu akiangukia ngazi ya chini kabisa kati ya tano kwenye mtihani wa kusoma, anarudia. Mwaka 2003 walirudia zaidi ya watoto 25,000, karibu mmoja kati ya saba, wakati kabla ya hapo walikuwa wachache sana. Wazazi walilia, walimu walilia, na wengi waliorudia walikuwa watoto weusi na wa familia za Kilatino, na hilo halikupita kimya.

Lakini sikiliza walivyoifanya. Mlango haukuwa mmoja. Mtoto aliyefeli mtihani aliweza kuleta mkusanyiko wa kazi zake za mwaka mzima kuonyesha kwamba anaweza kusoma. Aliweza kwenda kambi ya likizo akapimwa tena. Mwenye ulemavu alikuwa na utaratibu wake, anayejifunza Kiingereza chini ya miaka miwili nae vilevile. Na aliyerudia hakurudi kukaa dawati lile lile kusikiliza somo lile lile, sheria ilitaka awekewe mpango wake wa kusoma, mwalimu mwenye rekodi nzuri, na zile dakika 90 kila siku.

Matokeo yake sasa. Watafiti waliowafuatilia wale watoto mpaka sekondari, kazi yao ilitoka 2017, walikuta hivi: miaka ya mwanzo waliorudia waliwapita wenzao waliokuwa kwenye hali ile ile wakaponea chupuchupu, baadae ile tofauti ikayeyuka ukiwalinganisha kwa umri, lakini walipofika sekondari walikuwa na alama nzuri zaidi za darasani na walihitaji masomo ya kufidia machache zaidi. Kumaliza sekondari hakukupanda wala kushuka. Kwa hiyo hawakuharibikiwa, na wala haikuwa miujiza.

Kuna kitu kimoja nataka ukishike maana ndo kinanifanya nisikubaliane na wanaosema kurudisha ndo kuliiokoa Florida. Ukiwazuia watoto dhaifu wasipande darasa la nne, wastani wa darasa la nne lazima upande, hata kama hakuna aliyejifunza kitu, si ndiyo? Wapinzani wa Jeb wanasema pointi zake zote zimetoka hapo. Sio zote. Hao waliorudishwa walirudishwa katikati ya 2003, na NAEP ya mwaka huo ilifanyika mapema, kabla yao, na tayari Florida ilikuwa imefika 218. Kutoka 206 mpaka 218 ni pointi 12, na mpaka Jeb anaondoka ziliongezeka 6 tu nyingine. Yaani sehemu kubwa ya safari waliitembea kabla mtoto hata mmoja hajarudishwa kwa sheria ile, na zile 6 za mwisho ndo unaweza kuzitilia mashaka.

Kwa mwanao, nenda shuleni sasa hivi usisubiri mkeka wa matokeo. Swali la kumuuliza mwalimu ni hili: akirudia, mwakani atafanyiwa nini tofauti? Kama jibu ni kwamba atakaa tu tena darasa la nne, hapo kweli una haki ya kuumia. Na mtihani wa darasa la nne unakuta tatizo limeshakomaa, kusoma kunatakiwa kukamilika darasa la kwanza na la pili, ndo maana mtaala wa 2015 uliyaachia hayo madarasa KKK karibu peke yake. Kwa hiyo mpe kitabu cha darasa la pili, usione haya, akusomee kwa sauti kila jioni wewe ukiwa unapika, na anapobahatisha mrudishe kwenye silabi. Tuisheni ya mtaani wanakojaa watoto hamsini sebuleni haitakusaidia kwa hilo, pale wanafanyishwa mitihani iliyopita tu.

Mhariri, mimi ni mwalimu wa msingi Gongo la Mboto, darasani kwangu ni zaidi ya mia, wengine wanakaa chini. Kila siku nasikia mwalimu apimwe, shule ipimwe. Huyo gavana alisema nini juu ya wingi wa watoto darasani? Na walimu wake walimpenda?
Mwalimu wa Zamu, Gongo la Mboto

Mwalimu, heshima yako. Walimu hawakumpenda, kwa kifupi. Uchaguzi wa 2002 vyama vya walimu vilisimama na mpinzani wake Bill McBride, na Jeb akashinda bado.

Ila siku ile ile ya kura ndo kuna kisa chako. Mbunge wa jimbo anaitwa Kendrick Meek, ambaye mwaka 2000 alishakaa kitako ofisini kwa gavana na mwenzake Tony Hill kugomea uamuzi wa Jeb wa kufuta upendeleo wa rangi kwenye kuingia vyuo vya jimbo, alikusanya saini ili katiba ya Florida iweke ukomo wa watoto darasani: 18 mpaka darasa la tatu, 22 kuanzia la nne mpaka la nane, 25 sekondari. Jeb akapinga kwa nguvu zote, akasema gharama haibebeki. Wiki chache kabla ya kura akanaswa na rekoda ya mwandishi akiwaambia wabunge kwamba ana mipango ya kijanja hiyo kitu ikipita. Ikapita. Wapigakura wakamrudisha yeye na wakapitisha alichokikataa, kwenye karatasi moja, na jimbo likapewa mpaka 2010 kutimiza.

Sasa usinitupie chaki kwa hili linalofuata. Mtafiti mmoja, Matthew Chingos, aliangalia baadae kama ule ukomo uliongeza alama za watoto, hakuona kitu cha maana. Watu wa bajeti hapa kwetu wakisikia hivo wanaweza kushangilia, na watakuwa wanadanganyana, maana kule walikuwa wanatoka darasa la ishirini na kitu wanaenda la kumi na kitu. Yeye hakupima kutoka mia na kitu kwenda 45, ambao ndo uwiano wetu wa kwenye makaratasi. Wewe huwezi hata kuwasikiliza wote wakisoma sentensi moja moja ndani ya kipindi, piga hesabu mwenyewe. Na hapo hapo ndo utaona zile dakika 90 na mwalimu wa kusoma zilifanya kazi kwa sababu darasa lilikuwa linaonekana lote kwa macho. Mtu akitaka kuileta Florida Gongo la Mboto aanze na madawati na walimu, hizo herufi zitasubiri.

Kuhusu bonasi, ile dola 100 kwa kila mtoto shule yenyewe ndo ilikaa ikaamua itumike vipi, mara nyingi ikaenda kwa walimu, na mara nyingi ikaleta ugomvi wa nani apewe na nani asipewe. Hilo nadhani unalielewa bila mimi kuongeza.

Shikamoo mhariri. Nasoma sheria Mlimani mwaka wa pili, tuna asainmenti ya haki ya elimu. Nimeona mpango wa vocha wa Bush ulifutwa na mahakama. Kwa nini, na hapa kwetu inawezekana mtu akaenda mahakamani namna hiyo?
Dogo wa Hosteli, Ubungo

Marahaba dogo. Kesi inaitwa Bush dhidi ya Holmes, hukumu ya Mahakama ya Juu ya Florida ilitoka 5 Januari 2006, majaji watano kwa wawili. Wengi wanadhani ilifutwa kwa sababu hela ya serikali ilikwenda shule za dini, hapana, hapo ndo wanafunzi wenzako watateleza. Majaji walisimama kwenye ibara ya 9 kifungu cha 1 cha katiba ya jimbo, inayoitaka serikali itoe elimu kwa mfumo wa shule za umma za bure ulio sawia. Wakasema ukilipia mfumo mwingine pembeni, wa shule za binafsi ambazo hazibanwi na masharti yale yale, umeshavunja hiyo ibara. Waliokuwa wanatumia hizo vocha wakati huo walikuwa mia saba na kitu tu, jimbo zima.

Lakini usiandike kwamba vocha zilikufa. Jeb alikuwa na milango mingine miwili. Mmoja ulikuwa wa watoto wenye ulemavu, wa pili ulipita 2001, kampuni inachangia mfuko wa skolashipu halafu inasamehewa kodi kiasi hicho hicho, kwa hiyo hela haijawahi kuingia hazina, kwa hiyo ukienda mahakamani unashtaki nini sasa? Ujanja mtupu, ila wa kisheria. Mlango huo ukapanuka na kupanuka mpaka 2023 gavana Ron DeSantis akasaini sheria ya kumruhusu kila mtoto wa Florida kuomba bila kujali kipato cha wazazi. Ukitaka maoni yangu, hiki ndo kitu kikubwa zaidi Jeb alichokiacha kuliko zile herufi, na kwenye miaka yake minane hakionekani vizuri maana kilikuwa bado kidogo.

Kwetu sasa. Ibara ya 11 ya Katiba yetu inasema kila mtu anayo haki ya kujielimisha na serikali ifanye jitihada watu wote wapate fursa sawa. Nzuri. Ila ibara hiyo iko Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza, na ukirudi nyuma ibara ya 7(2) inasema masharti ya Sehemu hiyo hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Umeona mlango ulivyofungwa? Mkazi wa Florida alikuwa na neno la katiba la kumbana nalo gavana, wewe ukienda Mahakama Kuu na ibara ya 11 peke yake wakili wa serikali atasimama dakika mbili atakaa. Wanaojaribu huwa wanazungukia kwenye ibara ya 13 ya usawa mbele ya sheria, ambayo iko Sehemu ya Tatu, hiyo mahakama inaitekeleza. Anzia hapo asainmenti yako, na mwambie mwalimu wako akupe zaidi ya kurasa nane maana hazitatosha.